Meno ya mzee Marekani: bima, uanachama wa kliniki, au chuo cha udaktari?

Medicare ya kawaida, ile bima ya serikali kuu ya Marekani kwa wazee, hailipii kusafisha meno, kuyakagua, kuyaziba wala kuyang'oa. Ndivyo ilivyo tangu mpango huo uundwe mwaka 1965. Sheria yenyewe iliyatenga meno, kwa hiyo karani wa mapokezi anayeirudisha kadi ya mama yako hajakosea. Miaka ya karibuni mlango umefunguliwa kidogo: mgonjwa anayesubiri kupandikizwa kiungo au kubadilishiwa vali ya moyo, anayetibiwa saratani ya kichwa na shingo, na tangu 2025 anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, anaweza kulipiwa ukaguzi wa kinywa na kuondolewa maambukizi kama sehemu ya matibabu hayo. Mzee ambaye moyo na figo zake ni zima hana chake hapo.

Katika kila familia yetu ya wahamiaji huku Marekani kuna mtoto mmoja anayeshika makaratasi ya wazazi. Ndiye anayefungua barua, ndiye anayepiga simu, ndiye anayeulizwa "hawa nao wanataka nini tena?" Namwandikia huyo. Njia za kulipia ziko kadhaa, na matangazo ya runinga huzichanganya zote kana kwamba ni kitu kimoja. Nazilinganisha kwa jambo moja tu, kinga: kusafisha, kukagua, eksirei na floridi, kabla jino halijaharibika. Ukarabati mkubwa una hesabu yake, ingawa hesabu hizo mbili hukutana njiani.

Kwanza ujue kinga yenyewe ni bei gani

Wengi huanza kutafuta bima kabla ya kujua wanakatia bima kitu cha bei gani. Katika kliniki ya kawaida, kumsafisha mtu mzima meno hutozwa kama dola 100 hadi 200, na ukaguzi dola 50 hadi 150, eksirei kando. Mji na mji hutofautiana sana, hata kliniki mbili za barabara moja.

Kinywa cha mzee nacho kina mambo yake. Fizi zikirudi nyuma, mzizi wa jino hubaki wazi, na mzizi hauna lile gamba gumu linaloulinda upande wa juu, kwa hiyo huoza haraka. Dawa nyingi za presha, za mfadhaiko na za mzio hukausha mate, na mate ndiyo yanayoosha asidi kwenye meno mchana kutwa. Baba wa miaka 72 anayemeza vidonge vyake kila asubuhi anaweza kuhitaji kusafishwa kila baada ya miezi 3 au 4, wakati bima nyingi huhesabu mara 2 tu kwa mwaka.

Tuwachukue watu wawili. Bei hizi nimezipanga mimi ndani ya viwango vya kawaida ili hesabu ionekane, nawe utaweka za mtaani kwako. Baba fizi zake ni nzima: kwa mwaka anasafishwa mara 2 kwa dola 120, anakaguliwa mara 2 kwa dola 70, na eksirei ni dola 100. Mama fizi zinavuja damu na ukoga umegandia chini ya fizi: ukaguzi na eksirei dola 200, usafishaji wa kina robo zote nne za kinywa dola 1,000, kisha usafishaji wa kufuatilia mara 2 kwa dola 150. Bima ninayoitumia katika mfano ni ya dola 45 kwa mwezi, yenye kikomo cha dola 1,000 kwa mwaka, yaani hailipi zaidi ya hapo; uanachama wa kliniki nimeupa punguzo la asilimia 20. Njia zenyewe nazieleza chini ya jedwali.

| Njia | Baba atatoa kwa mwaka | Mama atatoa kwa mwaka |
|---|---|---|
| Taslimu, bila mpango wowote | $480 | $1,500 |
| Bima ya meno | $540 | $1,040 |
| Uanachama wa kliniki, $350 | $350 | $1,390 |
| Chuo cha udaktari wa meno, nusu bei | $240 | $750 |

Baba mwenye fizi nzima anailipa bima zaidi ya anachopata. Mama anaokoa, lakini si kwa kiasi ambacho tangazo lingekufanya uamini, na chuo bado kinaishinda bima kwa wote wawili. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: kwa kinga peke yake, bima ya meno ya kujinunulia mara nyingi ni kulipa mapema kitu ambacho ungekilipa mwenyewe, ukamwongezea na mtu wa kati.

Bima ya meno ya kujinunulia

Nyingi zimejengwa kwa ngazi tatu. Kinga hulipiwa asilimia 100, matibabu ya kawaida kama kuziba jino asilimia 80, na makubwa kama kifuniko cha jino au meno bandia asilimia 50. Juu ya hapo kuna kiasi cha kwanza unachotoa mwenyewe, mara nyingi dola 50, na kikomo cha mwaka ambacho kwa mipango mingi ni kati ya dola 1,000 na 2,000. Kikomo hicho ndicho kinachonifanya nisite kuiita bima. Bima ya nyumba hukusaidia zaidi nyumba ikiungua yote. Hii, hasara ikiwa kubwa, ndipo inapojitoa.

Kuna mambo mawili ambayo huwauma wazee kuliko wengine.

La kwanza ni kipindi cha kusubiri. Kinga huanza mara moja, lakini matibabu ya kawaida yanaweza kusubiri miezi 6 na makubwa mwaka mzima. Ukinunua bima Januari kwa sababu mama ameshaambiwa anahitaji usafishaji wa kina, huenda usilipiwe hadi Julai. Hesabu yangu ya dola 1,040 hapo juu imechukulia kwamba hakuna kusubiri.

La pili limefichwa kwenye namba. Kila huduma ya meno Marekani ina namba yake, na karatasi ya makadirio ya kliniki huionyesha. D1110 ni usafishaji wa kawaida, ambao ni kinga. D4341 ni usafishaji wa kina chini ya fizi, ambao bima huuhesabu kama matibabu. D4910 ni usafishaji wa kufuatilia kwa mtu aliyekwisha kuugua fizi, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa: mama anaona ni usafishaji uleule, kiti kilekile, hata msafishaji ni yuleyule, lakini bima inausoma kama matibabu ya asilimia 80, au inaupunguza kutoka kwenye zile nafasi mbili za mwaka. Tena, akishaingia D4910, kwa kawaida harudi D1110. Kabla ya kununua mpango wowote kwa mzee mwenye historia ya fizi, piga simu uulize neno kwa neno: D4910 mnailipa asilimia ngapi, mara ngapi kwa mwaka? Uliza pia kama kinga inakatwa kwenye kikomo. Baadhi ya mipango haiikati, na hiyo ndiyo mizuri.

Tuwatendee haki: mwanachama wa bima hupata bei ya mapatano ya kampuni kwa daktari aliye ndani ya mtandao wake, yaani aliyefunga mkataba nayo, na bei hiyo huwa chini ya ile ya mtu wa taslimu. Na mzee anayejua kwamba mwaka ujao vifuniko viwili vinamngoja ana sababu ya kununua sasa, akasubiri kipindi chake, akagawa kazi kati ya Desemba na Januari ili atumie vikomo vya miaka miwili. Huo ni ujanja halali, na wasafishaji wenyewe watakushauri hivyo.

Uanachama wa kliniki, na kadi ya punguzo

Hivi viwili huchanganywa. Uanachama ni mpango wa kliniki yenyewe: unatoa dola 250 hadi 500 kwa mwaka, unapata usafishaji wa kawaida mara 2, ukaguzi na eksirei, pamoja na punguzo kama la asilimia 15 au 20 kwa mengine. Hakuna kikomo, hakuna kusubiri, hakuna fomu ya madai. Kwa baba wa mfano wetu hii ndiyo njia safi kabisa nje ya chuo. Baadhi ya kliniki zina toleo la wagonjwa wa fizi lenye usafishaji mara 3 au 4, ghali kidogo, nalo linafaa kuulizwa kwa jina kwa sababu si lazima liwe kwenye kipeperushi. Ubaya wake ni mmoja: umefungwa pale. Daktari akiuza kliniki au mzee akihamia kwa mtoto mwingine Ohio, pesa ya mwaka haimfuati.

Kadi ya punguzo huuzwa na kampuni. Unalipa ada ndogo ya mwaka, unapewa orodha ya madaktari waliokubali kushusha bei. Hailipi chochote yenyewe. Usiinunue kabla ya kumpigia daktari unayemtaka na kumuuliza kama bado anaipokea.

Medicare Advantage: usichague bima ya moyo kwa sababu ya meno

Zaidi ya nusu ya watu wenye Medicare sasa wako kwenye Medicare Advantage, yaani mipango ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare ya kawaida, na karibu yote hutangaza meno. Kwa kinga kweli hutoa: usafishaji mara 2 na ukaguzi bila malipo, ukienda kwa daktari wa mtandao wao. Kwa baba, gharama ya ziada inaweza kuwa sifuri, jambo ambalo jedwali langu haliwezi kulishinda.

Ila bei yake haipo kwenye meno. Ukiingia huko unakubali mtandao wa madaktari na hospitali wa kampuni hiyo, na vibali vya awali kwa matibabu mengi. Mzee akipata saratani na hospitali anayoitaka haimo, usafishaji wa bure hautamsaidia kitu. Na kurudi nyuma si rahisi. Anayefikisha 65 na kujiunga na Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, ana miezi 6 ambayo kampuni haiwezi kumnyima Medigap, ile bima ya nyongeza inayoziba mapengo ya Medicare ya kawaida. Anayejaribu Advantage kwa mara ya kwanza akiwa na 65 ana mwaka mmoja wa kubadili mawazo. Baada ya hapo, katika majimbo mengi kampuni ya Medigap inaweza kuuliza afya yake na kumkataa. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zina ulinzi wa kudumu. Kwingine mlango hufungwa kimyakimya, na wakala aliyekuja kanisani au msikitini na vipeperushi hana haraka ya kulitaja hilo.

Kwa mzee mwenye Medicare pamoja na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, naliona tofauti. Huyo Medigap haimhusu, kwa sababu Medicaid ndiyo inayomziba mapengo. Kuna mipango ya Advantage iliyotengenezwa kwa watu wa aina yake, na mara nyingi ndiyo yenye fungu nono la meno. Akilinganisha mitandao ya hospitali na kuridhika, achukue.

Fungu la meno hubadilika kila mwaka. Barua ya mabadiliko hutakiwa kufika kabla ya Septemba kwisha, na dirisha la kubadili ni Oktoba 15 hadi Desemba 7. Barua hiyo ndiyo hutupwa pamoja na karatasi za pizza.

Medicaid: jimbo unaloishi ndilo linaloamua

Kama mzee anastahili Medicaid, anzia hapo, acha yote mengine. Lakini serikali kuu haiyalazimishi majimbo kulipia meno ya watu wazima, kwa hiyo ndugu wawili waliotoka kambi moja wanaweza kuwa na bahati mbili. Maine, ambako Wakongo wengi wako Portland na Lewiston, ilifungua huduma pana ya meno kwa watu wazima Julai 2022. Tennessee na Maryland zilifuata Januari 2023. Minnesota ilirudisha huduma pana Januari 2024. Texas haitoi huduma za kawaida za meno kwa watu wazima wengi. Nimesikia familia zikijadili kuhama kwa sababu ya kazi, ya baridi, ya kodi ya nyumba. Meno ya bibi hayamo kwenye mazungumzo, na pengine yangestahili kuwamo.

Tatizo kubwa la Medicaid ni kumpata daktari anayeipokea. Foleni ya miezi ni ya kawaida. Omba nafasi kwanza, hata kama meno hayaumi, na jina la bibi liandikwe kwenye orodha ya watakaoitwa mtu akiahirisha. Medicaid hulipia pia usafiri wa kumpeleka mgonjwa kliniki. Wengi hawajui, na mtoto anakosa siku ya kazi bure.

Kwa wakimbizi kuna tarehe ya kuiandika ukutani. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inabana ni wageni gani serikali kuu inawalipia Medicaid. Kuanzia Oktoba 1, 2026, mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi hamo kwenye orodha. Mkimbizi huruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini, na katika familia nyingi makaratasi ya wazee ndiyo huachwa mwisho kwa kuwa hawaendi kazini. Safari hii yawe ya kwanza.

Mzazi aliyeletwa na mtoto kwa grini kadi ya kawaida yuko mahali pagumu zaidi. Kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya Medicaid ya serikali kuu, na miaka 5 ya kuishi hapa mfululizo kabla ya kuruhusiwa kununua Medicare akiwa na 65. Bima ya meno ya kazini kwako kwa kawaida humpokea mwenzi na watoto, si mzazi. Kwake yeye zinabaki njia mbili zinazofuata, na uanachama wa kliniki.

Vyuo na vituo vya afya vya jamii

Chuo cha udaktari wa meno mara nyingi hutoza karibu nusu bei. Mwanafunzi wa miaka ya mwisho anafanya, mwalimu mwenye leseni anakagua kila hatua. Kinachopotea ni muda: kikao kinaweza kuchukua saa 3, na kinywa kimoja kinaweza kuhitaji vikao viwili. Kwa mzee aliyestaafu, mwenye subira na mtu wa kumpeleka, sioni mpinzani wake. Kwa mzee ambaye mgongo hauvumilii kiti au anayechanganyikiwa alasiri, haifai, hata ingekuwa bure. Chuo Kikuu cha Minnesota jijini Minneapolis, Ohio State jijini Columbus, Texas A&M jijini Dallas na UT Health huko San Antonio wote wana kliniki hizi, na ni miji yenye watu wetu wengi.

Ndugu mdogo wa chuo husahaulika: vyuo vya jamii vinavyofundisha wasafishaji wa meno. Havizibi wala having'oi, lakini usafishaji huko mara nyingi ni dola 20 hadi 60 pamoja na eksirei, na kwa kinga hicho ndicho unachohitaji. Hufungwa likizo za chuo, kwa hiyo panga kabla ya Mei.

Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu hupima ada kwa kipato. Aliye chini ya mstari wa umaskini, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 15,650 kwa mtu mmoja na 21,150 kwa watu wawili, hutozwa ada ndogo ya jina tu au asitozwe. Punguzo huendelea kwa ngazi hadi mara mbili ya mstari huo. Peleka uthibitisho wa kipato cha mzee, na uulize kwanza kama kituo hicho kina daktari wa meno, maana si vyote vinaye.

Mengine kwa haraka

Kama mzazi bado anafanya kazi na ana akaunti ya akiba ya afya, HSA, aijaze kabla ya kujiunga na Medicare. Baada ya hapo haruhusiwi kuongeza, ila aliyoweka anaweza kuyatumia kwa meno bila kodi. HSA yako wewe mtoto humhudumia mzazi tu kama unamtegemeza kisheria kwenye kodi.

Kadi za mkopo zinazotolewa mapokezini, "miezi 12 bila riba", zina kipengele kinachorudisha riba yote tangu siku ya kwanza usipomaliza kwa wakati. Kwa usafishaji wa dola 200, kataa.

Kungoja safari ya Nairobi au Dar kwa ajili ya vifuniko na meno bandia ni mpango ambao wengi wanaufanya, na kwa kazi kubwa huenda ukalipa nauli. Kwa kusafisha haufai: kinywa kikavu hakikai miaka miwili kikisubiri tiketi.

Na ukishampata daktari kwa njia yoyote kati ya hizi, uliza vitu vitatu vya bei ndogo ambavyo havitajwi mpaka viulizwe. Dawa ya meno yenye floridi sehemu 5,000 kwa kila milioni, kwa cheti cha daktari, wakati ya dukani huwa kati ya 1,000 na 1,500. Kupakwa floridi kliniki, ambako bima nyingi huwalipia watoto tu, lakini mfukoni kwa kawaida hakuzidi makumi machache ya dola. Na dawa ya fedha na floridi inayopakwa kwenye shimo dogo la mzizi ili lisiendelee: hulitia jino weusi, na mzee wa miaka 80 pengine atasema hajali, jino liko nyuma. Muulize yeye, si wewe. Kliniki inayopokea Medicaid au fedha nyingine za serikali kuu inapaswa kumpa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa hiyo omba siku unapoweka nafasi, ili jibu lake lisipitie kwako.